Fundo la kamba pale Lokichoggio: barua ya wazi kwa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Marais wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Ulinzi,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi si mwanajeshi, wala sijawahi kukalia kiti cha rubani. Nilikuwa mpakiaji wa mizigo Lokichoggio, kule Turkana, miaka ile chakula cha Sudan Kusini kilipokuwa kikipita angani kwa sababu chini hapakuwa na njia. Operesheni yenyewe iliitwa Lifeline Sudan, na ilianza mwaka 1989. Nilifika pale 1998, njaa ya Bahr el Ghazal ikiwa imepamba moto. Kwa msimu mzima maisha yangu yakawa magunia, joto la lami na mngurumo wa injini nne za ndege ya mizigo ya C-130 Hercules.

Kuna jambo nililiona pale ambalo ndilo linanifanya niwaandikie leo kuhusu ndege kubwa za kijeshi za mizigo. Naomba mnivumilie nilieleze tangu mwanzo.

Hercules moja tulikuwa tukiipakia tani zipatazo 16 za mahindi. Gunia la kilo 50 linatiwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi, na pengine ndani ya la tatu, ili la ndani likipasuka kwa kishindo nafaka isimwagike. Ndege ikifika juu ya mahali pa kudondoshea inashuka hadi mita mia mbili na ushei, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Rubani anapunguza mwendo, anainua pua ya ndege, mkanda unakatwa, na shehena yote inateleza yenyewe hadi nje kwa sekunde chache. Ndege inarudi Loki ikiwa tupu, inajazwa mafuta, nasi tunaanza upya. Hakuna aliyehitaji uwanja, foklifti wala lori kule chini. Walihitaji uwazi wa kutosha tu, na watu wa kuhakikisha watoto wamekaa mbali.

Asubuhi moja ukaletwa mtambo wa kuchimba visima. Ulikuwa umefungwa juu ya lori, mlingoti wake umelazwa juu ya kabini. Wenyewe walikuwa wameshapiga hesabu ya uzito: tani 14. Hercules inaubeba bila taabu. Mzee aliyekuwa akitusimamia hakusema kitu. Alichukua kamba ya katani, akaagiza ishikwe chini kwenye lami, akapanda juu ya kabini, akapima hadi sehemu ya juu kabisa ya mlingoti, akapiga fundo. Kisha akaenda nayo kwenye mlango wa nyuma wa ndege, akaisimamisha. Fundo lilipita dari kwa zaidi ya nusu mita. Tumbo la Hercules lina kimo cha mita 2.7 hivi, mtambo ulikuwa na mita 3.3.

Fundi alisema mlingoti unaweza kufunguliwa, ila kule unakokwenda hakuna winchi ya kuurudisha mahali pake. Kwa barabara haikuwezekana: mvua zilikuwa zimeanza, na njia zenyewe zilikuwa tope na mabomu ya kutegwa ardhini. Mtambo ulikaa pembeni mwa uwanja siku kumi na moja, watoto wa Kiturkana wakicheza kwenye kivuli chake, halafu ukarudishwa Kitale. Sisi tukaendelea kudondosha mahindi kwa watu waliokuwa wakiyapika kwa maji ya madimbwi.

Waheshimiwa, ndege tulikuwa nayo, mafuta tulikuwa nayo, na uzito uliruhusu. Tulichokosa ni kimo.

Watu wakizungumzia ndege hizi huanza na tani, na tani ni kweli zinatisha. C-17 ya Marekani inabeba tani zipatazo 77. C-5, kaka yake mkubwa, inapita 120. Antonov An-124, iliyobuniwa Kyiv enzi za Sovieti na kuruka mara ya kwanza mwaka 1982, hubeba kati ya 120 na 150. Lakini Boeing 747 ya mizigo ya kampuni za kiraia nayo inabeba zaidi ya tani 100, tena kwa gharama ndogo zaidi kwa kila tani. Kama hoja ingekuwa tani peke yake, ningewashauri mkodi 747 na barua hii isingekuwa na kazi.

Shida ya 747 ni kwamba sakafu yake iko mita tano hivi kutoka ardhini. Inahitaji mtambo maalumu wa kupandisha na kushusha mizigo, inahitaji lami ndefu na nene, na wafanyakazi waliozoea kazi hiyo. Ipelekeni mahali palipokumbwa na maafa, nayo itakaa pale na mali yote tumboni, watu wakiitazama kutoka chini.

Ndege ya kijeshi imejengwa kwa ajili ya mahali pabaya. Mabawa yamewekwa juu ili injini ziwe mbali na mawe na vumbi. Tumbo limekaribia ardhi, na mlango wa nyuma ukishuka unakuwa daraja: lori linaingia na kutoka kwa magurudumu yake lenyewe. An-124 ina magurudumu 24 ya kugawana uzito, inaweza kupiga magoti mbele ili pua ifunguke na mizigo ishuke, na ina kreni zake ndani ya dari. C-17 ikiwa na shehena nzito inatua kwenye njia ya kilomita moja na kidogo, hata ya udongo ulioshindiliwa, inageuka katika upana wa mita 27, na inaweza kurudi nyuma yenyewe kwa nguvu ya injini zake bila trekta la kuisukuma. A400M ya Ulaya inabeba tani 37 na kutua kwenye changarawe. Tumbo lake lina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3.85. Nimeupandisha mtambo wetu ndani ya ndege hiyo mara nyingi akilini mwangu. Unaingia wima, na juu inabaki nusu mita.

Sasa niwapeleke mahali ambako mnapafahamu kuliko mimi.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali. Alfajiri ya tarehe 9 ndege za kijeshi za Ufaransa zilikuwa zimeshatua kwenye uwanja huohuo kuwachukua raia wa kigeni, na za Ubelgiji zikafuata. Siku tatu hazikutimia. Mwezi Mei Umoja wa Mataifa ukaamua kupeleka askari 5,500, na nchi za Afrika zikakubali kutoa watu, lakini hazikuwa na magari ya kuwabeba wala ndege za kuwafikisha. Magari 50 ya deraya ya Marekani yalikwama kwa wiki kadhaa katika mabishano ya masharti ya kukodisha. Yalianza kushushwa Entebbe mwishoni mwa Juni. Yalipoingia Kigali, Julai ilikuwa imeenda na mauaji yalikuwa yamekwisha. Katika miezi yote hiyo, waliobaki na Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliungana na dunia kwa Hercules za Kanada zilizokuwa zikitoka Nairobi.

Nayataja haya kwa masikitiko, nikijua kwamba baadhi yenu mliyapitia wenyewe. Mipango ya jeshi la akiba la Afrika inasema kwamba yakitokea mauaji ya kimbari askari wawe wamefika ndani ya siku 14. Mwenye kuandika siku 14 lazima aseme pia zitatoka ndege gani.

Julai hiyohiyo mamia ya maelfu ya wakimbizi wakavuka kuingia Goma kwa siku chache. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano. Hapachimbiki choo wala kaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika wiki za mwanzo, kando ya ziwa lililojaa maji. Kilichotakiwa hakikuwa maji ya chupa. Ilitakiwa mitambo ya kusafisha maji, mabomba na magari ya kuyasambaza, vitu vizito na vyenye maumbo ya ajabu. C-5 ya Marekani iliruka moja kwa moja kutoka California, ikijazwa mafuta angani, ikatua Goma na mitambo hiyo tumboni. Ilifika mwishoni mwa mwezi. Waliokuwa karibu na Goma kuliko California, yaani sisi, hatukuwa na cha kuibebea.

Miaka minane baadaye, Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ikalipuka na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ya uwanja huo. Njia iliyokuwa na kilomita tatu ikabaki chini ya mbili. Ndege kubwa ya kiraia ikishaondolewa theluthi ya uwanja, safari imekwisha. Iliyojengwa kutua pafupi inaendelea na kazi.

Tangu hapo tumekuwa watu wa kubebwa. Desemba 2013 askari wa Burundi walipelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa C-17 za Marekani. Januari 2014 askari wa Rwanda wakachukuliwa Kigali kwa ndege za aina hiyohiyo kwenda hukohuko. Nawashukuru waliotubeba, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini anayebebwa anasubiri mwenye gari apate nafasi, na njia anaichagua mwenye gari.

Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, A400M na Hercules za nchi za Ulaya zilitua Wadi Seidna, kiwanja cha kijeshi kaskazini mwa mji, zikachukua watu wao kwa maelfu. Watoto wetu waliokuwa wakisoma kule walitoka kwa mabasi, siku kwa siku, kuelekea mpaka wa Ethiopia. Mzazi mmoja jirani yangu hakulala kwa usiku tano. Kila simu ikilia alikuwa akisimama wima.

Kuna njia nyingine ambayo tumekuwa tukiitumia, nayo ni kukodi. Nimeifanyia kazi njia hiyo, naijua. Kuna ndege za kukodi nzuri na wafanyakazi hodari. Kuna pia zile zilizochoka, ambazo mtu anazipakia huku akiwaombea marubani. Niliwahi kuona ndege ikiwa imeshajaa magunia ikikaa siku tatu uwanjani kwa sababu mwenye ndege na mwenye mizigo hawajaelewana kuhusu malipo. Nasi sote tunaikumbuka Machi 2009, Ilyushin Il-76 iliyokodiwa kupeleka vifaa vya kikosi cha Umoja wa Afrika kule Mogadishu ilipoanguka Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka Entebbe. Wote 11 waliokuwamo walikufa, wakiwamo maofisa wa Burundi.

Kununua peke yako nako kuna mitego yake. Afrika Kusini iliagiza A400M nane, ikaifuta oda hiyo Novemba 2009, ikaendelea na Hercules ilizozinunua miaka ya 1960. Mwaka 2025, uwanja wa Goma ukiwa umefungwa, askari wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), wakiwamo wa Afrika Kusini, waliondoka Kongo kwa barabara, wakapita Rwanda na magari yao hadi Chato, Tanzania. Kenya imejitahidi kununua C-27J Spartan, ndege nzuri ya tani zipatazo 11, lakini tumbo lake ni dogo kuliko la Hercules iliyotushinda mwaka ule.

Ombi langu kwenu, Waheshimiwa, nimelitoa Hungaria, kwenye kambi ya ndege ya Pápa. Tangu 2009 nchi 12 zinatumia pale C-17 tatu kwa pamoja. Ndege zina alama za Hungaria, wafanyakazi wake wamechanganyika kutoka nchi zote, na kila nchi imenunua saa za kuruka badala ya kununua ndege. Mkataba ulipoanza, saa za mwaka mzima zilikuwa 3,165. Marekani ilichukua 1,000, Sweden 550, Uholanzi 500, Norway 400. Tazameni mwisho wa orodha: Hungaria 50, Estonia 45, Lithuania 45. Estonia ina watu milioni 1.3, wachache kuliko Dar es Salaam kwa mbali. Haina ubavu wa kumiliki hata gurudumu la C-17. Lakini saa zake 45 ni zake, na akizihitaji kupeleka hospitali ya mahema kwa waliokumbwa na tetemeko, hapigii mtu magoti.

Nchi zetu ni nane. Rasilimali zetu zinatofautiana, na mkataba wa saa unalibeba hilo bila kumdhalilisha mdogo. Burundi inaweza kuanza na saa 40, Kenya na Tanzania na mia kadhaa.

Najua wapo watakaosema tulishajaribu kushirikiana ndege. Ni kweli, na linauma. East African Airways ilikuwa na Super VC10 zake, ikituunganisha na London na Bombay, na mwaka 1977 ikafa pamoja na Jumuiya ya kwanza, katikati ya madeni ambayo kila mshirika alisema ni ya mwenzake. Ndiyo maana nasisitiza saa zinazolipiwa kabla. Hapatakuwa na deni la kubishania kwa sababu hakuna atakayeruka kwa mkopo. Atakayechelewa kulipa, saa zake zisimame; za wenzake ziendelee.

Pingamizi zito zaidi ni lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kwamba baadhi ya nchi wanachama haziaminiani, na kwamba mashariki mwa Kongo damu bado inamwagika. Siwezi kulifunika. Naamini mkataba useme wazi kwamba ndege hizi hazibebi askari wala silaha dhidi ya nchi mwanachama, kwamba orodha ya mizigo ya kila safari inasomwa na maofisa wa nchi zote nane, na kwamba mwanzo wa kazi uwe maafa, uokoaji na vikosi vya amani vilivyoidhinishwa. Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba maandishi yanatosha. Marubani na wapakiaji wa nchi mbalimbali wakifanya kazi ndani ya ndege moja, kuficha kitu kunakuwa kugumu, na hilo ndilo ninalolitegemea zaidi.

Kuhusu aina ya ndege, C-17 haitengenezwi tena tangu 2015, kwa hiyo tusiihesabu. C-130J, Hercules ya kisasa, ni imara na inabeba karibu tani 20, ila tumbo lake lina kimo kilekile kilichotushinda. C-390 ya Brazil inabeba tani 26, ina injini za jeti na mwendo mzuri, lakini kwa sehemu kubwa ya tumbo lake kimo hakifiki mita 3. Kwa fikra zangu tunahitaji A400M mbili au tatu, na mkataba wa kukodi saa chache za An-124 kwa vitu vikubwa kabisa, kama transfoma za umeme. Ni ghali. Naomba gharama hiyo iwekwe mezani pamoja na gharama ya kukodi kwa dharura, kila mmoja wenu kivyake, bei ikipangwa na yule anayejua kwamba huna mahali pengine pa kwenda.

Na kabla ya kununua chochote, pimeni viwanja. Ninamaanisha udongo wenyewe: unabeba uzito gani wakati wa kiangazi, na unabeba uzito gani baada ya wiki mbili za mvua. Kigoma, Lodwar, Wajir, Kalemie, Bosaso, na vile viwanja vidogo vya Sudan Kusini ambavyo tulikuwa tukivijua kwa jina la mti mkubwa ulio karibu. Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019 barabara kuu ilikatika na mji ukawa kisiwa. Misaada ikaingia kupitia uwanja wa ndege. Kama uwanja ule usingebeba ndege nzito, ingebaki helikopta na mashua.

Wafundisheni vijana mapema. Tuna chuo cha urubani Soroti, urithi wa Jumuiya ya kwanza tangu 1971. Marubani watapatikana. Walio adimu ni mafundi wa injini, na ni wasimamizi wa mizigo ndani ya ndege, wale wanaojua kila tani ikae wapi ili ndege isielemee mkia, minyororo mingapi ifungwe kwenye lori, na nini kisipandishwe hata kama mkubwa ameamuru. Ndege inaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja au miwili. Mtu wa namna hiyo anachukua miaka kumi.

Nawaomba, basi, suala hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wenu ujao wa Arusha, na mawaziri wa ulinzi waagizwe walete majibu mawili: kila nchi inaweza kulipia saa ngapi kwa mwaka, na ni vitu gani tutakavyovibeba. Hilo la pili lisijibiwe kwa tani. Watumeni watu wakapime mitambo ya maji ya serikali zenu, vipande vya madaraja ya chuma vya majeshi yenu, magari ya zimamoto, vijiko vya kuchimbia, jenereta za hospitali: urefu, upana na kimo. Wa kwanza kwenye orodha ninaweza kuwapa mimi. Mtambo wa kuchimba visima juu ya lori, tani 14, mita 3.3.

Wenu mtiifu,
Mpakiaji mstaafu wa Lokichoggio,
Kitale